Husuda na Jamaa Zake: Neno Moja katika Mitaa ya Munuki

Katika maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Uarabuni kikayafanya yake, ni machache, kwa maoni yangu, yaliyopata misukosuko ya maana kama neno kuhusudu. Kwani lilipotoka kwao lilikuwa jina la ugonjwa wa moyo, na baada ya kukaa pwani karne nyingi likiwa vivyo hivyo, limefika siku hizi Dar es Salaam na Mwanza likageuka kuwa neno la kumsifu mtu, hata kijana ampendaye mwimbaji fulani husema mbele ya watu, bila ya haya wala hofu, kwamba anamhusudu, na wanaomsikiliza huafiki. Mgeuko huo haukuleta madhara yoyote huko Tanzania, ambako sauti na wajihi wa msemaji hutosha kubainisha ni maana ipi iliyokusudiwa. Walakini maneno husafiri pamoja na watu, na watu wa Afrika Mashariki wamesafiri mpaka Munuki, katika mji wa Juba, ambako masikio yanayolipokea neno hili yamelelewa na lugha nyingine.

Munuki ni mojawapo ya payam za mji wa Juba, na payam ni jina wanaloipa tarafa huko Sudani Kusini; jirani zake wa siku zote ni Kator na Juba yenyewe. Iko upande wa magharibi wa mji, mbali kidogo na Nile, kwa hiyo maji ya mto humfikia mkaazi wake ndani ya malori yenye matangi, yakauzwa kwa pipa. Pikipiki za abiria huitwa senke, kwa jina la kiwanda cha Kichina kilichoziunda. Na chini ya vibanda vya miti na nyasi viitwavyo rakuba huketi wanawake wanaouza chai yenye tangawizi, ambao husikia habari za mji kabla ya gazeti lolote. Iko pia mitaa ijulikanayo kwa jina la Mia Saba. Mswahili aisikiapo kwa mara ya kwanza hudhani ni 700, kumbe kwa Kiarabu cha Juba ni 107. Jambo hilo ni dogo, na kila mgeni huchekwa kwalo mara moja kisha akalizoea. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha jinsi lugha hizi mbili zinavyoweza kutumia sauti zile zile na kuhesabu vitu mbalimbali.

Kiarabu cha Juba chenyewe si mgeni kwetu kama wengi wadhanivyo. Kilizaliwa karne ya 19 katika kambi za askari wa utawala wa Kituruki na Kimisri kando ya Nile ya juu, na ndugu yake wa toka nitoke ni Kinubi, kinachosemwa hadi leo Bombo nchini Uganda na Kibera mjini Nairobi na wajukuu wa askari waliokuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Ekuatoria, ambao Lugard aliwaajiri mwaka 1891 akawapeleka kusini. Kwa hiyo wako Waafrika Mashariki ambao bibi zao waliimba kwa lugha iliyotoka jirani na Juba, ilhali wao wenyewe wakisoma, wakinunua na kugombana kwa Kiswahili. Safari ya kurudi ilikuja baadaye. Vita vya miaka mingi viliwapeleka watu wa kusini Uganda, Kongo na Kenya, na kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 katika nchi ya Waturkana, iliwafunza Kiswahili watoto ambao leo ni watu wazima wenye nyumba Juba. Amani ilipotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, wafanyabiashara wa Kenya, Uganda, Kongo, Ethiopia na Eritrea waliingia mjini kwa wingi. Uhuru ukaja tarehe 9 Julai 2011. Na mwaka 2016 Sudani Kusini ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiingereza ndicho kilichoandikwa katika katiba kuwa lugha rasmi, lakini atakayepita gereji, saluni na hoteli ndogo za Munuki wakati wa adhuhuri atasikia Kiswahili cha namna tatu au nne, kila kimoja na desturi zake.

Kisa ninachotaka kukieleza ni cha mtaani tu. Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa Mwanza, alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja wa makamo aliyekulia Khartoum na kurejea kusini wakati wa uhuru, kama walivyorejea maelfu wengine. Mama huyo alikuwa ameweka lango jipya la chuma, limepakwa rangi ya buluu ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, na juu yake fundi wa kuchomelea alikuwa ametia nyota mbili za kupendeza. Yule fundi cherehani alipotoka asubuhi akaliona lango, furaha ya kweli ilimpanda, akainua mikono na kusema mbele ya wauza chai, "Mama, nakuhusudu! Nakuhusudu kweli!" Mwenye nyumba alinyamaza. Alimvuta mjukuu wake, akamfunika kwa ule mtandio mrefu wa Kisudani uitwao tobe, akaingia ndani. Na siku ile nzima yule mpangaji hakuletewa kahawa kama ilivyokuwa ada.

Kilichotokea hakihitaji mganga kukifumbua. Mama yule hakukijua Kiswahili isipokuwa cha kodi, bei na salamu, lakini katika neno nakuhusudu alizitambua herufi tatu za Kiarabu alizozijua tangu utotoni, yaani herufi za neno hasad. Na mtu aliyekulia Khartoum amefunzwa kwamba hasad hufuata njia ya jicho, tena jicho la yule anayetazama kitu kizuri akakisifu bila ya kumtaja Mwenyezi Mungu. Kwake yeye, mpangaji wake alikuwa amesimama mchana kweupe, mbele ya mashahidi, akakiri kwamba anamtakia shari. Alikuwa na haki ya kuingia ndani. Kijana wa jirani, aliyesoma Kakuma, ndiye aliyesuluhisha jioni yake: "Haboba, huyu dada hakukusudia ubaya, kwao neno hili ni sifa." Yule mama, ambaye kila mtu mtaani humwita haboba, yaani bibi, alifikiri kidogo, kisha akatoa hukumu ambayo kadhi wa Lamu asingeipinga: "Basi aseme kwanza mashallah, halafu alete sifa zake." Kahawa ikarudi.

Nimesimuliwa kisa hicho kwa kicheko, na nilicheka pia. Walakini nilipokitafakari niliona kuwa wanawake wale wawili, kila mmoja kwa ujahili wa lugha ya mwenziwe, walikuwa wameshika ncha mbili za mjadala mmoja wa kale sana. Wanazuoni wa Kiislamu waliuzungumza kwa urefu. Sura ya 113 ya Kurani, iitwayo Al-Falaq, humaliza kwa kuomba hifadhi kutokana na shari ya hasidi anapohusudu, na hapo neno lina maana ile ile aliyoielewa haboba. Lakini iko hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, isemayo kuwa hapana hasad ila katika mambo mawili, na mambo yenyewe ni ya kheri: elimu aliyopewa mtu akaitumia na kuifunza, na mali aliyojaliwa mtu akaitoa katika haki. Wafasiri walieleza kwamba hapo neno limetumiwa kwa maana ya ghibta, yaani kutamani mfano wa neema aliyonayo mwenzio bila ya kutaka imwondokee. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliupambanua mpaka huo katika kitabu chake kikubwa, kwenye sehemu inayokemea ghadhabu, kinyongo na husuda: aonaye neema kwa nduguye akachukia na kutaka iondoke ni hasidi, asiyechukia wala kutaka iondoke, ila angependa naye apate ya namna hiyo, ana ghibta, na huyo hana lawama. Kwa hiyo yule fundi cherehani wa Mwanza, ambaye pengine hajapata kusikia jina la Ghazali, alikuwa amelitumia neno kwa maana yenye nasaba njema kuliko alivyojua. Wale wanaokemea magazetini kwamba kumhusudu mchezaji ni kuiharibu lugha, nadhani wangefanya hadhari kabla ya kunyoosha kidole.

Tatizo, basi, si kwamba neno lina maana mbili. Maneno mengi yanazo. Tatizo ni kwamba tumekuwa wavivu wa kuyatumia yale mengine ambayo wazee waliyaweka kando yake ili yalisaidie. Waswahili wa zamani hawakuuona moyo wa mwanadamu kuwa chumba kimoja. Walisema kijicho, jicho lililofanywa dogo kwa kutazama cha mtu, na mwenye kijicho si lazima atende lolote. Hutazama tu, na kutazama kwenyewe kunamla. Walisema kuona gere, na gere ni jambo jepesi, la mtoto aliyemwona mwenziwe na viatu vipya siku ya Idi, au la mwanamke aliyeona jirani ameletewa kanga doti tatu; gere huja asubuhi na jioni imekwisha. Walisema kulia ngoa, maneno ambayo leo hupatikana zaidi katika kamusi na tungo za kale kuliko vinywani mwa watu, nayo ni hasara, kwani yana machozi ndani yake: yule aliaye ngoa hukitamani kitu hadi kinamliza, wala hakuna aliyemdhulumu. Inda ni nyingine kabisa, ni kule kumzuilia mtu jambo lisilokupunguzia wewe chochote, kama karani aliyeufungia muhuri sandukuni ilhali aliyesimama mbele yake ana haki ya kugongewa. Na vijana wa Tanzania, ambao twawalaumu kila siku kwa lugha yao, wametunga istilahi ambayo mshairi yeyote angeionea fahari: roho ya kwa nini. Mwenye roho ya kwa nini hujiuliza kwa nini yule na si yeye, wala hana haja ya jibu.

Wivu nimeuacha nyuma kwa kusudi. Asili ya neno hilo ni mapenzi na ndoa. Mwenye wivu ni yule alindaye kilicho chake kisichukuliwe, na ndiyo maana waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, walipofika kwenye amri kumi hawakuona taabu kumwita Mungu kuwa ni mwenye wivu, lakini walipofika kwenye habari ya Pilato, ambaye alitambua kilichowasukuma wakuu wa makuhani kumshitaki Yesu, waliandika husuda. Sijui kama wasomaji wengi wamewahi kuliangalia jambo hili. Mungu anaweza kuwa na wivu katika Kiswahili. Hawezi kuwa na husuda, na mtu atakayeandika hivyo atakuwa amekufuru bila ya kukusudia. Huko Munuki, ambako wengi wa wakaazi ni Wakristo na baadhi yao waliisoma Biblia hiyo wakiwa ukimbizini, ningetaraji tofauti hiyo iwe wazi. Badala yake nasikia, Juba kama vile Nairobi na Dar es Salaam, neno wivu likibebeshwa mizigo yote ya jamaa zake: kijicho ni wivu, gere ni wivu, inda ni wivu, na hata malalamiko ya mtu aliyenyimwa haki yake ni wivu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwezi wa Septemba 2014 Wizara ya Kazi mjini Juba ilitoa waraka ulioyataka mashirika ya misaada, mabenki, makampuni ya simu, mahoteli na wengineo kuwaachisha kazi wageni ifikapo tarehe 15 Oktoba, ili nafasi zao zitangazwe na wananchi wazipate. Kishindo chake kilisikika Nairobi na Kampala, na baada ya siku chache serikali ikatoa ufafanuzi uliolegeza kamba, kwamba haikukusudia kuwafukuza watu nchini. Mimi siutetei waraka ule. Ulikuwa wa pupa, na ulitolewa wakati ambapo vita vilivyoanza Desemba 2013 vilikuwa vimewaacha watu wengi wakitegemea mashirika yale yale kwa chakula na dawa. Lakini kilichonishangaza ni hukumu iliyopitishwa na Waswahili wenzangu katika mazungumzo ya hotelini na katika mabasi yatokayo Juba kuelekea Nimule, kwamba wenyeji wametuonea wivu, kwamba hawa ni mahasidi, kwamba hasidi hana sababu. Usemi huu wa mwisho ni maarufu. Umeandikwa kwenye kanga, umepambwa kwenye magari, na katika miaka ya 1990 vikundi viwili vya Dar es Salaam, TOT na Muungano, viliposhindana kwa taarabu ya mipasho, mwimbaji Khadija Kopa akiwa kwenye jukwaa la TOT, dhana hiyo ya hasidi asiyeisha kuwasema wenziwe ilikuwa chumvi ya kila wimbo.

Hebu tuuchukue usemi huo kwa uzito unaostahili. Ikiwa hasidi hana sababu, na mimi naamini kuwa waliousema kwanza walimaanisha hivyo hasa, basi mwenye sababu si hasidi. Kijana wa Munuki aliyemaliza shule, akaona gereji iliyo mbele ya nyumba yao ikiajiri mafundi kutoka ng'ambo ya mpaka, akaomba afundishwe kazi akaambiwa hapana nafasi, ana sababu. Mwanamke anayeuza vitunguu juu ya gunia, akaona duka la jumla la mgeni likishusha bei mpaka yeye akashindwa kurudisha mtaji, ana sababu. Huenda sababu zao zikawa na dosari. Huenda mwenye gereji akawa na yake, kwamba aliwahi kuwachukua vijana wa mtaani wasidumu. Huenda mwenye duka akawa amekopa na kuhatarisha mali yake, akapita vizuizi vingi barabarani akitoa fedha kila kimoja. Hayo ni mambo ya kujadiliwa kwa hesabu na insafu. Atakayeyafunga kwa neno husuda ameufunga mlango ambao ulikuwa bado haujafunguliwa, na amemwita mgonjwa mtu aliyekuja kudai.

Wala sitaki nieleweke kana kwamba nasema husuda haipo Munuki. Iko, na wakaazi wanaijua. Yuko aliyetoboa magurudumu ya senke ya jirani yake usiku, asipate hata senti moja. Yuko aliyepeleka maneno ya uongo kwa askari ili mgeni fulani akamatwe, na alipokamatwa akarudi nyumbani akalala usingizi mnono. Watu kama hao siku hizi hujifunika kwa maneno mazuri ya uzalendo na haki ya mwananchi, kama vile tajiri anavyojifunika kwa maneno ya kanga. Na mtego wa kuwanasa ni ule ule alioutega Al-Ghazali. Mpe mlalamikaji mfano wa kile alichokilalamikia. Mfundishe kazi, mpe nafasi sokoni, mkopeshe mtaji. Akinyamaza na kushika kazi, alikuwa mdai. Akiendelea kuumwa kwa sababu jirani bado anacho, hapo lete neno husuda, lilitengenezwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na yote ni ya kawaida. La kwanza ni kwa Waswahili waishio Juba, wauzaji, mafundi, madereva na walimu: mwenyeji akikuonyesha nyumba, mtoto au pikipiki mpya, mwambie mashallah, au hongera, au nimependezwa, na neno nakuhusudu uliweke akiba kwa rafiki wa Mwanza ambaye hatalihofu. La pili ni kwa wale watakaoandika vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya shule za Sudani Kusini, kwani lugha yetu imekwisha kuwa ya Jumuiya ambayo nchi hiyo imo, na siku ya vitabu hivyo itafika. Watakapofika kwenye herufi H, wasiliandike neno husuda peke yake na kulitafsiri kwa neno wivu, kama ilivyo desturi ya haraka haraka. Waliandike pamoja na kijicho, gere, ngoa, inda na wivu, kila moja na sentensi yake, waonyeshe kuwa kuhusudu kuna maana ya lawama na maana ya sifa, na waongeze katika ukurasa ule ule, hata kama mpangilio wa herufi utavurugika, neno kudai.